Kaya Namba Saba

Lobule, Koboko
8 Juni 1992

Kwa Kamisi, mwana wa marehemu kaka yangu,

Salamu utazikuta mwishoni, zikibaki. Kwanza hasira.

Nina karatasi nne mkononi, zimebanwa pini pembeni, zimetoka ofisini kwenu huko Mlima Arua. Bwana shamba wa gombolola, hii tarafa yetu, alizileta juzi Jumamosi, soko likiwa limejaa. Alisimama katikati yetu sisi wauza unga, akasoma Kiingereza mpaka jasho likamtoka, halafu akatueleza kwamba wakubwa wa mradi wa muhogo wamepima unga wa nyumba kumi na mbili, na wa kaya namba saba una sumu kupita zote. Watu wakauliza kaya namba saba ni nani. Akasema jina halitajwi, utafiti unamficha mtu. Kisha akasoma namna mlivyonificha: mjane wa askari, mkazi wa Lobule, anauza unga sokoni na kufundisha wanawake wengine kuvundika muhogo. Kamisi, hata mbwa wa soko waligeuka kunitazama.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Candiru, jirani yangu, yule ambaye binti yake Suzan amelegea miguu tangu Desemba. Alimimina miguuni pangu unga alionunua asubuhi ile, akasema kwa sauti, "Hii unga iko na sumu, Mama Poni. Kula mwenyewe." Kuku wakaja kudonoa, na watu wakawafukuza kuku kwa kuwahurumia. Wenzangu wakavuta mikeka yao mbali na wangu. Mmoja alitema mate. Nimeishi kambi ya jeshi miaka kumi na miwili, nimekaa ukimbizini Sudan miaka saba, sijawahi kutemewa mate.

Mkuu wa gombolola ameitisha mkutano Jumamosi ya tarehe 1 Agosti. Siku hiyo wataamua kama nikatazwe kuuza na malundo yangu ya muhogo yakatupwe porini. Unajua sina shamba la tumbaku, sina mume, sina mtoto Kampala. Nina huo unga tu.

Wewe unafanya kazi katika ofisi hiyo. Ni wewe uliyekuja Novemba kuchukua unga wangu ukapimwe, nikiwa matangani kwa dada yangu Koboko mjini. Niliporudi majirani waliniambia umechukua na kwenda, nikafurahi. Mtungi wa unga wa wageni uko mlangoni na nyumba ni yako. Basi nieleze hii karatasi. Naona ina vichwa vinane vya herufi kubwa. Nataka kila kimoja, kinasema nini na kimewekwa pale kwa kazi gani. Herufi zako za kwanza nilikuchorea mimi kwa mkaa, juu ya kifuniko cha sanduku la risasi. Leo ni zamu yako.

Barua analeta Nasuru, yule mfanyabiashara wa samaki mwenye baiskeli. Anakaa Arua siku tatu, mpe jibu.

Salamu hazikubaki.

Shangazi yako,
Mariam Poni


Dadamu, Arua
17 Juni 1992

Shangazi yangu mpendwa,

Asalaam alekum. Naomba radhi kwa kuchelewa, Nasuru aliondoka kabla sijamaliza kuandika, na nimesubiri mpaka amerudi tena. Pole sana kwa yaliyokupata sokoni.

Karatasi ya utafiti ina mpangilio wake, na mtu akiujua haimtishi tena. Mwanzo kabisa kuna Ikisiri. Hiyo ni karatasi nzima iliyofupishwa kwa mistari kumi, kwa ajili ya wakubwa wasio na muda. Ndiyo aliyoisoma bwana shamba. Unafuata Utangulizi, unaoeleza kwa nini kazi imefanywa: kwamba ugonjwa wa majani umeua muhogo mtamu, watu wa huku wamehamia muhogo mchungu, na mchungu una sumu mpaka uitoe.

Sehemu ya tatu ni mambo ya chupa, mizani na dawa za maabara. Haina faida kwako, nairuka.

Ya nne ni Matokeo. Hapo mwandishi haruhusiwi kusema anachofikiri, anaweka namba tu, ndiyo maana umeona lile jedwali. Ya tano ni Majadiliano, ambapo sasa anaruhusiwa kufikiri na kujiuliza namba zile zimetoka wapi. Ya sita ni Hitimisho, yaani ushauri wa mwisho: watu waache kuvundika muhogo mpaka uote kuvu, badala yake waukune na kuukausha juani kwa mtindo wa mradi. Baada ya hapo zimebaki Shukrani, ambazo ni adabu tu, na Marejeo, ambayo ni orodha ya vitabu.

Shangazi, usiliweke moyoni. Aliyeandika ni Daktari Adrabo, mkuu wetu, na si mtu mbaya. Hajui kwamba kaya namba saba ni shangazi yangu. Karatasi yenyewe bado haijachapishwa, itapelekwa kwenye jarida Septemba. Watu wa soko husahau upesi.

Mwanao,
Kamisi


Lobule
25 Juni 1992

Kamisi,

Nimesoma barua yako mara tatu, kisha nikaenda kunawa mikono.

Hiyo Ikisiri yenu inanichefua. Nani anatoa hukumu kwanza halafu ndio anaita mashahidi? Hata kule kambini mtu akishtakiwa kuiba blanketi, walianza kwa kumuuliza. Na Utangulizi wenu unasema muhogo mchungu una sumu. Hilo nalo lilihitaji Daktari? Bibi yangu alilijua akiwa hana viatu.

Nikukumbushe kazi yangu, maana naona mjini imekutoka kichwani. Muhogo unamenywa, unaanikwa siku moja, unalundikwa kwenye kona yenye giza na kufunikwa majani. Siku ya pili unapata joto. Siku ya tatu kuvu inaenea, nyeusi na ya rangi ya chungwa, na harufu inafukuza wageni. Siku ya nne mwenye lundo analifungua, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Anaparuza kuvu kwa kisu, anaponda, anaanika juu ya mwamba. Kipande ambacho kuvu haikukigusa hakisagwi, kinarudi lundoni kusubiri zamu yake. Ndivyo tulivyolishwa sisi, ndivyo ulivyolishwa wewe.

Sasa Matokeo. Unadhani kwa sababu sijui Kiingereza basi sijui na jedwali. Namba hazina Kiingereza. Nimeona nyumba tatu zimeandikwa Lobule. Namba mbili ina nane, namba tisa ina kumi na moja, namba saba ina tisini na sita. Nyumba zote tatu mlizopima hapa zinavundika kwa mkono wangu, hao wawili niliwafundisha mimi, tulianzia lundo moja. Mwanafunzi ana nane na mwalimu ana tisini na sita? Huko kwenye Majadiliano, mnakoruhusiwa kufikiri, mmefikiri nini juu ya hilo? Hukuniandikia.

Na kwa nini umeruka ya tatu? Ninaiona. Imejaa ukurasa mzima na nusu ya mwingine, ndefu kuliko zote, na ina tarehe ndani. Chupa na mizani hazijazi ukurasa na nusu.

Candiru amekataza watoto wake kupita uani kwangu. Jumamosi nimeuza vikombe viwili, kwa msafiri asiyenijua. Hao ndio watu wako wa soko wanaosahau upesi.

Mariam Poni


Dadamu
4 Julai 1992

Shangazi,

Kazi ni nyingi, naandika kwa haraka. Katika Majadiliano waandishi wanasema tofauti ya kaya namba saba haikupata maelezo ya hakika, na kwamba huenda imetokana na uchafu wa mahali pa kuvundikia. Wamesema huenda tu. Sehemu ya tatu nimekwisha kukuambia ni ya kitaalamu.

Nimempa Nasuru mfuko wa unga wa mradi, ule mweupe wa kukaushwa juani. Siku ya mkutano uuweke mbele yako watu wauone, useme umeacha mtindo wa zamani. Mkuu wa gombolola ataridhika na jambo litakwisha bila maneno mengi. Tafadhali nisikilize kwa hili.

Kamisi


Lobule
12 Julai 1992

Kamisi,

Mfuko wako unarudi na Nasuru. Sikuufungua.

Uchafu wa mahali pa kuvundikia. Mahali hapo ulilala wewe wiki tatu mwaka 1987, tulipotoka Sudan na homa imekukamata, na mimi nikalala chini. Wakati ule hapakuwa pachafu.

Kwa kuwa wewe ulikataa, nilipeleka karatasi kwa Margarita, mwalimu wa shule hapa. Alinisomea sehemu ya tatu polepole, na mimi nikaiandika kwa Kiswahili isinitoroke. Kichwa chake ni Mbinu za Utafiti. Nakunakilia: "Sampuli ya kila kaya ilichukuliwa siku ya nne ya kuvundika, mwenye nyumba akiwepo, baada ya kuvu kuparuzwa. Vipande viliokotwa bila kuchagua, kutoka juu, katikati na chini ya lundo. Kazi hii ilifanywa na msaidizi wa utafiti." Kisha zinafuata tarehe. Ya kaya namba saba ni 14 Novemba.

Tarehe 14 Novemba mwenye nyumba alikuwa Koboko mjini, ameketi kwenye mkeka wa matanga. Lundo lile nilililundika tarehe 13 asubuhi, nikaletewa habari ya msiba, nikalifunika na kuondoka. Hesabu mwenyewe siku. Na mimi miezi yote hii nilidhani umechota unga ulio tayari kwenye mtungi wa wageni. Kumbe uliingiza mkono kwenye lundo lisilo lako, lisilofunguliwa, jambo ambalo hata mwizi wa hapa hafanyi.

Nikamwambia Margarita anisomee na Shukrani, zile ulizosema ni adabu tu. Zinasema: "Tunamshukuru Bwana Kamisi kwa uangalifu wake katika kukusanya sampuli." Margarita alizisoma, kisha akatazama dirishani kwa aibu. Aibu ilikuwa yako, akaibeba yeye.

Sasa nijibu jambo moja, sitaki pole wala radhi. Siku ya pili lundo lina vipande vya kila namna. Vingine vimeshaanza kuota kuvu, vingine bado. Ulichukua vya rangi gani?

Mariam Poni


Dadamu
20 Julai 1992

Shangazi,

Vyeupe.

Nitakueleza yote. Daktari Adrabo alitaka sampuli zifike Arua kabla ya Jumamosi kwa sababu gari la kwenda maabara lilikuwa linaondoka. Nilikuta umekwenda matangani. Nilifunua majani, na ile harufu ikanipiga mpaka nikarudi nyuma nje uani. Hujui hili, kwa sababu sikuwahi kukuambia: shule ya bweni, huku Arua, wenzangu walinusa sanduku langu la nguo wakaniita Mtoto wa Kuvu. Miaka mitatu walikuwa wakiniita hivyo. Nilikuwa nasugua mwili kwa majani ya mlimao kabla ya kuingia darasani. Tangu hapo sijala ugali wako. Nikija kwako nasema nimeshiba, au nimefunga, na wewe ukawa unanipikia wali ukidhani nimezoea vya mjini.

Siku ile nilimfikiria Daktari akifungua mfuko, akute kuvu, aseme hawa ni watu gani. Nikachukua kijiti, nikalichambua lundo, nikatoa vipande vyeupe, visafi, vizuri kuliko vyote vilivyokuwemo. Nilidhani nakupendelea, shangazi. Nilitaka wewe utoke wa kwanza kwa usafi. Katika nyumba nyingine kumi na moja nilichukua kama nilivyoagizwa, na kwa kuwa daftari lilisema siku ya nne na mwenye nyumba yupo kwa wote, nikajaza hivyo hivyo kwako.

Namba ziliporudi, Daktari alikuna kichwa wiki nzima juu ya ile tisini na sita. Mimi pia sikuielewa. Uliponiuliza mara ya kwanza niliruka sehemu ya tatu kwa kuogopa uongo wa tarehe, nikidhani ni uongo mdogo. Barua yako ya Juni ndiyo iliyonifungua macho, pale ulipoandika kwamba kipande ambacho kuvu haikukigusa hakisagwi. Sumu ilikuwa bado imo mle ndani. Nilichagua sumu tupu nikaiandikia jina la nyumba yako. Na baada ya kulijua hilo bado nikakutumia ule mfuko wa unga. Sasa anayenuka ni mimi, na majani ya mlimao hayasaidii.

Nikisema kweli, kazi imekwisha. Daktari ameniahidi kunipeleka chuo cha kilimo Januari. Niambie unataka nini.

Kamisi


Lobule
25 Julai 1992

Kamisi,

Nimekaa na barua yako tangu jana na nimeshindwa hata kukasirika vizuri. Miaka mitano umeniona kinyaa, ukila wali wangu na kutabasamu. Mchele ule nilikuwa naazima kwa jirani, kwa Santina.

Waliokucheka shuleni nawachukia. Lakini wao walikuwa watoto wa shule, na wewe ulikuwa mtu mzima mwenye daftari la ofisi.

Tarehe 1 Agosti utakuja. Utasimama mbele ya watu, na utasoma sehemu ya tatu kwa Kiswahili, ile ya kweli. Usituletee Ikisiri. Kisha utakula ugali wa lundo langu, lililofunguliwa siku ya nne, watu wote wakikutazama. Nitaupika mwenyewe.

Usipokuja Jumamosi hiyo, usije tena.

Bado shangazi yako,
Mariam Poni


Lobule
3 Agosti 1992

Kamisi,

Ulikimbia mapema mno, kwa hiyo nakuandikia yaliyofuata.

Kusoma ulisoma vizuri, nakupa haki yako. Ulisema yote, tarehe, kijiti na rangi. Ulipotamka "vyeupe" ulikuwa umeinamia karatasi, hukuona. Mimi niliona. Mkuu wa gombolola aliendelea kuchezea kalamu yake, kwake hiyo ni rangi tu. Upande wa wanawake waligeuka wakatazamana wote kwa mara moja. Hakuna hata mmoja pale asiyejua kipande cheupe kina nini ndani. Kile kilichomkunisha kichwa Daktari wako wiki nzima, wao walikielewa wewe hujafunga mdomo.

Kisha ukala. Tonge la kwanza lilishuka. La pili niliitazama shingo yako nikajua hatufiki. Ulitapika mbele ya meza, kwenye viatu vya mkuu wa gombolola, ukachukua baiskeli na kuondoka ukijiziba mdomo. Sitakuficha, wakati ule nilikuchukia. Nilipika ule ugali kwa moyo wangu wote, na wewe umeutema mbele ya watu mia mbili. Wanaume wa nyuma walianza kupiga kelele kwamba sumu imeonekana kwa macho, na mkuu alikuwa ameshainuka ili anikataze.

Ndipo akainuka Candiru. Nilidhani anakuja kunimalizia. Alikuja mpaka mbele, akayanyooshea kidole matapishi yako, akasema, "Hii si sumu. Hii ni kinyaa ya mutu ya mjini. Lile tonge halijafika hata tumboni."

Akageukia wanawake. Akasema Desemba chakula kilimwishia na watoto wanalia, akafungua lundo lake mwenyewe siku ya pili, akatoa vyeupe, akavikausha juu ya moto na kuvisaga. Alifanya hivyo wiki tatu. Suzan ndiye aliyekula zaidi kwa sababu ndiye aliyelia zaidi. Alijua tangu siku miguu ya mtoto ilipolegea, na alikuwa amejificha na hilo ndani ya nyumba yake, mpaka karatasi yenu ilipokuja kumpa mtu wa kumtupia lawama. Alisema yote hayo akilia. Mimi sikumbembeleza. Nilikuwa naukumbuka ule unga aliomimina miguuni pangu, nikaona kichefuchefu kuwa na jirani kama yeye, na mpwa kama wewe, siku moja.

Alipomaliza aliketi mahali pako akala ugali wako uliobaki, wote, akafuta sahani kwa kidole. Santina akaja akaomba wake. Wengine wakafuata, sufuria ikaisha.

Usifikiri yamekwisha. Mkuu wa gombolola, akiwa anajifuta viatu, alisema maneno ya mdomo hayaiondoi karatasi. Kilichonifunga kina mhuri, na kitakachonifungua kiwe na mhuri. Mpaka hapo siruhusiwi kutandika mkeka wangu sokoni, na amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu nikilete. Unajua ni sehemu gani inayotakiwa kuandikwa upya. Usiniandikie barua nyingine ya radhi.

Suzan anatembea kwa fimbo sasa, mpaka mlangoni na kurudi.

Zimebaki salamu kidogo, nakupa.

Shangazi yako,
Mariam Poni


Dadamu
14 Agosti 1992

Shangazi,

Nasuru anakuletea karatasi moja yenye mhuri wa mradi. Mpe mkuu wa gombolola mkononi, Margarita akiwepo kuisoma. Nakala yake itakwenda kwenye jarida Septemba, na karatasi ile ya kwanza haitachapishwa bila hii.

Nilimweleza Daktari Adrabo siku ya Jumatatu. Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula, akafuta jina langu katika Shukrani, akaniambia niache funguo mezani. Chuo nacho kimekwisha. Tulibishana juu ya jambo moja tu. Alitaka kukata maneno saba ya mwisho, akisema sehemu ya Mbinu haiandikwi mtu alivyojisikia. Nikamwambia yakikatwa, hakuna msomaji atakayejua vile vipande vilichaguliwaje, na yeye mwenyewe atakuna kichwa tena. Aliyasoma tena, akagonga mhuri.

Nakuja Lobule wiki ijayo na sanduku langu. Nitakula kidogo kidogo mpaka nizoee, hata kama itachukua miezi. Tafadhali usiniazimie mchele.

Kiswahili cha karatasi hiyo nimekiweka hapa chini, ukisome wewe mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwanao,
Kamisi

MASAHIHISHO YA SEHEMU YA TATU, MBINU ZA UTAFITI

Sampuli ya kaya namba saba, Lobule, ilichukuliwa siku ya pili ya kuvundika, si siku ya nne. Mwenye nyumba hakuwepo na hakuulizwa. Kuvu haikuwa imeparuzwa. Namba tisini na sita iliyo kwenye jedwali isihesabiwe kuwa ya unga wake. Vipande vyeupe vilichaguliwa na vingine vyote vikaachwa, kwa sababu msaidizi wa utafiti aliona kinyaa.